Nyumba Umenunua, Juu ya Bati Kuna Mali ya Mtu



Nimeitwa kuzungumza juu ya kununua nyumba, na najua wengi mnategemea nianze na kiwanja: mipaka, hati, majirani wa pande nne, na yule mtu aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Hayo Tunduma tumeyajua kwa kuumia. Leo naomba tusimame uani, tuinue macho, tutazame juu ya bati.

Shemeji yangu alinunua nyumba kule Mpemba. Vyumba vitatu, jiko la nje, ukuta umepigwa plasta vizuri. Juu ya bati palikuwa na paneli ya sola, na sebuleni kisanduku chenye vitufe, betri yake, taa sita na televisheni ndogo ukutani. Muuzaji alimwambia, "Dada, sola nakuachia, nikiing'oa nitaharibu bati." Shemeji akafurahi. Akaongeza laki nne juu ya bei waliyokubaliana. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa kila upande, fedha zikahesabiwa, mhuri ukapigwa.

Siku ya kumi na tisa taa zikazimika. Alidhani ni betri, akamwita fundi. Fundi akabonyeza vitufe, akatazama kitaa chekundu, akamwambia, "Mama, hii haijaharibika. Hii imefungwa." Akapiga namba iliyobandikwa kwenye kisanduku. Binti aliyepokea akamuuliza jina, akatafuta, hakumwona. Mteja wao ni mtu mwingine, na deni la mteja hawalitaji kwa mtu mwingine. Muuzaji naye alikwisha kuvuka mpaka. Mnajua wenyewe, mtu akishapita geti kuingia Nakonde na kubadili laini, kumpata ni kazi ya siku nyingi.

Baada ya wiki kadhaa wakaja vijana wawili na ngazi. Walikuwa na adabu, na karatasi zao zilikuwa sahihi. Wakafungua nati, wakashusha paneli, wakachukua betri, kisanduku na televisheni. Juu ya bati yakabaki matundu manane, na ilikuwa Desemba. Ninyi ni wenyeji wa Songwe, sina haja ya kuwaeleza mvua ya Desemba inafanya nini kwenye tundu la bolti.

Nasimulia haya kwa sababu mimi nilikuwa shahidi wa shemeji siku ile. Niliisoma hati ya mauziano mstari kwa mstari. Niliiona paneli kwa macho yangu, nikatia saini, na sikuuliza neno.

Kile kitu kilichokuwa juu ya bati ni nini hasa? Tunakiita sola, kana kwamba sola zote ni moja. Kuna sola uliyonunua dukani kwa fedha taslimu ukaibeba kwenye bodaboda. Hiyo ni yako kama sufuria yako. Na kuna hii nyingine, ambayo kwa sehemu kubwa ilikulia hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Arusha ilizaliwa kampuni ya Off-Grid Electric, ambayo baadaye ilijiita ZOLA. Mwanzoni iliuza mwanga kama huduma: mteja analipia siku za umeme, vifaa vinabaki vya kampuni. Mobisol, kampuni ya Berlin, nayo ilianzia kazi Arusha, ikifunga paneli za wati 80 hadi 200 kwa malipo ya miezi 36. Kenya ilianza M-KOPA mwaka 2012, na kwa muda mrefu bei yake iliyojulikana ilikuwa kianzio, kisha shilingi 50 za Kenya kwa siku kwa mwaka mmoja. Jambo lililowezesha yote hayo ni simu. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka 2008, na mtu wa Kamsamba aliweza kulipa shilingi 1,000 bila kupanda gari kwenda ofisini kwa mtu yeyote.

Ukilipa, kampuni inatuma tarakimu au inakiamuru kisanduku chenyewe kifunguke kwa siku ulizolipia. Usipolipa, kinajifunga. Hakuna mtu anayekuja kukata waya. Mpaka rejesho la mwisho, vifaa vinaendelea kuwa vya kampuni, na aliyeuza nyumba kabla ya rejesho hilo alikuwa na haki ya kutumia tu. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa ina kanuni ambayo bibi zetu waliijua bila kwenda shule: huwezi kumpa mtu haki usiyokuwa nayo.

Mtu ataniuliza, na ameshaniuliza mwanafunzi mmoja wa sheria: paneli iliyofungwa kwa bolti kwenye kenchi si imekuwa sehemu ya nyumba? Swali lake ni zito, na nimelala nalo siku nyingi. Sheria ya Ardhi ya 1999, inapoeleza maana ya ardhi, inahesabu ndani yake majengo na vitu vilivyofungwa kwa kudumu. Nyuma ya maneno hayo kuna fikra ya Waingereza kwamba kilichokazwa kwenye ardhi kinaifuata ardhi. Mwaka 1897 mahakama ya rufani ya London iliamua kesi ya Hobson na Gorringe. Hobson alikuwa ametoa injini ya gesi kwa malipo ya awamu, ikafungwa kwa bolti kwenye kiwanja cha mteja. Mteja akaweka rehani kiwanja kwa Gorringe, ambaye hakuambiwa kitu kuhusu injini. Mteja aliposhindwa kulipa, Hobson akaja kudai injini yake. Mahakama ikasema injini imekwisha kuwa sehemu ya ardhi, na mwenye rehani ndiye mwenye haki. Na Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo hukumu ya 1897 wakili anaweza kuisimamisha mahakamani Mbeya asubuhi yoyote akiona inamfaa.

Je, shemeji yangu angeshinda? Labda. Wakili wa kampuni angejibu kwamba paneli inafungwa ili iweze kufunguliwa, kwamba nati nane hazigeuzi kioo kuwa paa, na angekuwa na hoja. Wenye elimu ya sheria na washindane. Mimi ninachoona ni kwamba hata akishinda, kisanduku kitabaki kimefungwa. Mahakama ingempa kioo na betri. Mwanga ungebaki kwenye kompyuta ya kampuni, na hakuna dalali wa mahakama anayeweza kwenda kuukamata. Injini ya Hobson ilikuwa inawaka kwa yeyote aliyekuwa na gesi. Sola ya leo inawaka kwa anayejulikana tu. Bolti ilipokuwa ndiyo kifungo, mtu alitazama bolti. Kifungo sasa ni tarakimu, na sisi bado tunatazama bolti.

Na fikra hiyo ya Kiingereza, kwamba chochote kilichosimama juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, haikuwa fikra ya watu wetu wote. Nendeni Mombasa. Kuna mitaa mizima pale ambako mtu anamiliki nyumba na hamiliki kiwanja. Analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, na nyumba anaiuza, anairithisha, anaipangisha. Wenyewe wanaita nyumba bila ardhi, na desturi hiyo ina mizizi katika sheria za Kiislamu za pwani. Unguja na Pemba mkarafuu au mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na udongo chini yake ukawa wa mwingine. Mnunuzi wa pwani anajua kuuliza: ninanunua nini, ardhi, nyumba au miti? Sisi wa bara, hasa mijini, tumejizoesha kununua vyote kwa neno moja. "Nimenunua nyumba." Tukishasema hivyo tunadhani kila kinachoonekana tumekitaja.

Hata hapa Tunduma, ukitulia, utaona tunalijua jambo hili. Chukua mita ya LUKU. Imefungwa ukutani kwako, umelipia kuunganishwa, na tangu Januari 2022 kwa mjini ndani ya mita 30 bila nguzo gharama ilirudishwa kuwa shilingi 320,960. Pamoja na fedha zote hizo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayehama na mita. Ni ya TANESCO. Mwaka 2021 Serikali ikaanza kukusanya kodi ya jengo kupitia mita hiyohiyo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Wapangaji walilalamika mapema, na walikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini ninunue umeme wangu nikatwe kodi ya mwenye nyumba? Naomba mlione jambo lililofichika humo. Deni la mita linakaa na mita. Ukinunua nyumba leo na mita ina malimbikizo, ukinunua umeme wa kwanza ujumbe wa tokeni utakuonyesha makato. Utakasirika, lakini umejua.

Deni la sola halikai na kisanduku namna hiyo. Linakaa na mtu, kwa jina na kwa laini ya simu. Nyumba inabaki Mpemba, deni linasafiri mfukoni mwa muuzaji, na wewe uliyebaki unaishi chini ya kitu ambacho huruhusiwi hata kuambiwa kinadaiwa kiasi gani.

Kuna wauzaji wenye nia njema ambao huacha na laini. "Chukua na laini hii, uwe unalipia kwayo." Ndugu zangu, msikubali. Laini zetu tangu zoezi lililoishia Januari 2020 zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Laini ile ni ya mwenye kidole. Kesho akienda kwa wakala kuirudisha kwenye simu yake, yako inakufa, na pamoja nayo njia yako ya kuijua akaunti.

Kule Marekani jambo hili ni kubwa zaidi. Kampuni kama SolarCity, iliyoanzishwa 2006 na kununuliwa na Tesla 2016, na Sunrun iliyoanza 2007, ziliyajaza mapaa ya California kwa paneli za kukodisha kwa mikataba ya miaka 20 hivi. Mwenye nyumba akitaka kuuza, mnunuzi hutakiwa aupokee mkataba uliobaki, na kampuni humchunguza kwanza kama ni mlipaji mzuri. Mara nyingi kampuni huwa imeandikisha taarifa kwenye kumbukumbu za ardhi za eneo, hivyo anayepekua nyumba anaikuta paneli imeandikwa. Wapo waliokosa wanunuzi kwa sababu ya paneli. Nawaonea huruma, ila kwao angalau jambo linasemwa mezani kabla ya saini.

Kwetu deni ni dogo, na udogo wake ndio unaotuponza. Nyumba ya milioni 28, sola imebakiza siku 400 za shilingi 1,500: hiyo ni laki sita. Katika mazungumzo ya milioni 28 nani atataja laki sita? Dalali hataki kuchelewesha. Muuzaji anaona aibu. Mnunuzi anaogopa kuonekana mbishi mbele ya wazee. Hivyo laki sita inapita chini ya meza. Lakini udogo huohuo unatupa nafuu ambayo Mmarekani hana. Yeye hawezi kumaliza miaka 20 kwa siku moja. Sisi tunaweza kuimaliza miezi yote iliyobaki palepale, kwa kuikata kwenye bei ya nyumba, kabla chai haijapoa.

Kuijua sola ya mkopo si kazi ngumu. Ya kununua dukani huwa na kontrola ya kawaida, na fundi yeyote ameikata na kuiunga apendavyo. Ya mkopo huwa na kisanduku kilichozibwa, namba ya akaunti, sehemu ya kuingiza tarakimu au laini ndani yake, na mara nyingi plagi zisizoingiliana na kifaa kingine. Mpandishe fundi juu akusomee namba zilizo nyuma ya paneli, na akiwa huko akutazamie na mipira ya bolti. Muuzaji akisema amemaliza kulipa, mwambie akuonyeshe ujumbe au barua ya kumaliza malipo. Aliyemaliza miezi 36 haufuti ujumbe ule. Ni kama cheti cha shule.

Halafu kuna suala ambalo wanaume wenzangu hatulipendi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na siku hizi wenyeviti wengi wa mitaa wanaikumbuka. Wanamwita mama asimame aseme. Vizuri. Ila wanamuuliza kuhusu nyumba tu. Katika nyumba nyingi ninazozijua, aliyeandikishwa kwenye sola ni mama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo wakala alipopita, na yeye ndiye anayetoa ile 1,500 kwenye fedha ya mboga. Au ni kijana wa nyumba, ambaye sasa yuko Kahama. Kwa hiyo usiulize sola hii ni ya nani, utajibiwa kuwa ni yetu. Uliza inalipiwa kwa laini ya nani.

Na hata kampuni yenyewe inaweza kubadilika wewe umelala. Aprili 2019 Mobisol ilifilisika kule Ujerumani, na mwaka huohuo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyesaini na kampuni moja angeweza kujikuta analipa kwa nyingine, ilhali paneli haijasogea hata inchi moja. Kwa sababu hiyo jina lililobandikwa kwenye kisanduku lisikutoshe. Piga simu ujue leo hii anayedai ni nani.

Wengine wanapendekeza daftari la Serikali la mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana. Hapo ng'ambo tu, Zambia ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2016 na daftari liko kwa msajili wa kampuni, PACRA. Kenya ikatunga yake 2017, Uganda 2019. Ni jambo jema kwa trekta na mashine ya kukoboa. Kwa paneli ya wati 80 ya Mpemba, sidhani mnunuzi wetu atakwenda kupekua daftari, na sidhani mwenyekiti wa mtaa atamwambia aende. Simu iko mezani tayari. Nayo inatosha, ikipigwa kabla ya mhuri na kwa laini ya mdaiwa mwenyewe.

Ninachokiomba kwenu, wenyeviti wa mitaa na mawakili mlioko hapa, ni mistari michache ndani ya hati ya mauziano. Kwamba sola iliyoko juu ya bati imelipwa yote, au imebakiza kiasi hiki, akaunti ni hii, laini ni hii, na atakayelipa ni fulani kabla ya tarehe fulani. Kama muuzaji anaondoka nayo, iandikwe kwamba anaing'oa mchana, mnunuzi akiwepo, na matundu anayaziba yeye kwa gharama yake. Kama kampuni inakubali kuhamisha mkataba uende kwa mnunuzi, iandikwe pia, na hati isisainiwe mpaka jina limebadilika. Mimi binafsi sipendi hiyo njia ya kuhamisha. Unapokea deni la mtu na betri iliyokwisha kutumika miaka miwili, na betri ndiyo inayochoka mapema. Afadhali deni lifutwe kwenye bei.

Mwezi uliopita niliitwa tena kuwa shahidi, kule Sogea. Mnunuzi alikuwa mama muuza vitenge, mtu wa kuvuka mpaka kila siku, asiyependa maneno mengi. Tulipokaa alisema, "Kabla ya fedha yangu, baba, pigia hao wa sola, uweke sauti ya juu." Muuzaji akapiga. Sauti ikajibu kwamba namba ile haina akaunti. Tukatazamana. Mke wake akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Hiyo inasomeka kwenye laini yangu." Akapiga yeye. Deni lilikuwa 212,500.

Mama wa vitenge akahesabu kiasi hicho kutoka kwenye fungu lake, akamtuma kijana kwa wakala wa jirani. Hakuna aliyenyanyuka. Ujumbe ulipoingia, mtoto wa nyumba akakimbia ndani na simu ya mama yake. Tulisikia vitufe vikibonyezwa kimoja kimoja, kisha kimya, kisha akaita kutoka sebuleni, "Imekubali!"

Ndipo mwenyekiti akachukua mhuri, nami nikaomba kalamu.